Kinywa cha Baba Yako

Dorika mwanangu,

Barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku lako la bati, chini ya mashuka, usiikute ndani ya treni. Utaikuta Tabora, siku utakapotandika kitanda chako cha chuo. Najua ukimaliza kuisoma utataka kurudi Dodoma. Nimeiandika ili usirudi. Nimeiandika pia kwa sababu leo jioni, mbele ya wageni, kuna jambo limefanyika ambalo wewe hukuliona, na sitaki uishi nalo kichwani vile ulivyodhani limekwenda.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za wavulana wa chuo sitaziandika. Hizo umezisikia tangu ulipovunja ungo, na kama hazijaingia mpaka leo, karatasi haitaziingiza.

Nataka nikuambie habari za baba yako na mimi, maana wewe uliishi ndani yake bila kuelezwa.

Wewe ulimjua baba yako akiwa na sauti, lakini ulikuwa mtoto, ukadhani kila baba anayo. Haikuwa hivyo. Dalali wa mnada wa ng'ombe hana duka wala shamba la maana, ana koo tu. Alikuwa anaweza kumnadi dume mwenye kidonda mguuni mpaka wanunuzi wakashikana mashati. Mgogo alimtania kwa Kigogo, Mrangi kwa Kirangi, na wale wafugaji wasiocheka na mtu aliwachekesha kwa maneno matatu ya kwao aliyoyaokota sijui wapi. Hata mimi alinipata kwa mdomo huo huo. Nilikuwa fundi cherehani mwenye mteja, na nilikuwa na wachumba waliomshinda kwa mifugo. Alikuja akaongea na mama yangu kutwa nzima, na jioni mama akaniambia, "Huyu hata akikuacha na njaa, hutakosa kicheko."

Hakuniacha na njaa. Ila maneno yale matamu yalikuwa ya mnadani. Nyumbani yalifika makali, unajua mwenyewe. Mambo yalipokuwa ruksa na mitumba ikaingia, nani tena alitaka gauni la kushonwa? Nikafunika cherehani, nikaanza kuuza mitumba pale pale mnadani, upande wa pili wa zizi. Kwa hiyo nilikuwa nasikia. Kila mnada nilisikia sauti ya baba yako inakwaruza zaidi ya mnada uliopita. Yeye alisema ni vumbi. Akanywa asali na ndimu, akaenda kwa mganga wa Bahi, akafungwa kitambaa shingoni. Mimi nilijua kuwa vumbi halikai kooni kutoka kiangazi mpaka kiangazi. Sikusema. Nikuambie kwa nini? Kwa sababu nyumbani alikuwa hawezi tena kunifokea, na mimi nilikuwa napumzika.

Tulipokwenda Dar es Salaam hatimaye, alikuwa ananong'ona na kumeza kwake kulikuwa kwa taabu. Baba yako mdogo Stefano alitusindikiza, kwa sababu ilionekana si sawa mwanamke kuongea na madaktari peke yake juu ya mwili wa mwanamume. Tulikuta hospitali zimeshaanza kuwaambia watu waje na glavu zao na nyuzi zao. Wodi ya wanaume mke haingii mpaka saa ya kuona wagonjwa. Muda mwingine wote nilikaa kibarazani na wanawake wa mikoa mingine, tukipikia pale, tukifua pale, tukigombania bomba.

Unajua kwetu daktari hamwambii mgonjwa. Anamwita ndugu pembeni, anamtwisha ndugu mzigo, halafu ndugu ndiye aone ataufikishaje. Siku daktari alipotoka kumwita ndugu, Stefano alikuwa Kariakoo anatazama redio kaseti. Nikaenda mimi. Alikuwa kijana, amechoka, ana wino kwenye mfuko wa koti.

"Mama, tukimkata ana nafasi ya kuishi," akasema. "Lakini kisanduku cha sauti kinatoka chote. Atapumulia shimo la shingoni."

"Na sauti itarudi baada ya muda gani?"

"Haitarudi, mama. Mwelezeni taratibu."

Nikaingia wodini saa ya kuona wagonjwa. Baba yako alikuwa ameketi, amenyoa ndevu, ananingoja.

"Kasemaje?" akanong'ona.

Nikamwambia, "Wanatoa uvimbe. Sauti itakauka kidogo, halafu itarudi."

"Itarudi lini?"

"Mvua zikianza."

Sijui mvua ilinitokea wapi mdomoni. Ilikuwa mbali, basi ikatosha. Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa, maana kusoma aliacha darasa la pili akaenda kuchunga, na kuandika hajui zaidi ya jina lake analolikosea. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa namjua. Angeambiwa ukweli angesema turudi Dodoma, na angekufa akinadi kwa kunong'ona, akijisifu kuwa amekufa dalali. Nilimtaka hai. Yeye anataka nini sikumuuliza.

Asubuhi walipokuja kumchukua na kitanda chenye magurudumu, nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno la mwisho alilosema kwa sauti yake maishani alimwambia nesi. Alisema, "Shuka hii fupi, miguu inabaki nje." Mtu aliyekaa miaka yote anapasua anga kwa maneno, akamalizia kwenye shuka. Nilicheka mwanangu, pale pale mlangoni, na wenzangu wakadhani nalia.

Baada ya kisu ilikuja mionzi, ikamuunguza shingo ikawa nyeusi, ikamkausha mate, chakula chote kikawa na ladha ya chuma. Nilimwosha, nilimlisha kwa bomba la puani, nilijifunza kuutoa mrija wa ndani wa shingo na kuusafisha kwa brashi ndogo. Mikono yangu ilizoea upesi. Moyo haukuzoea, ila hakuna aliyeuliza habari za moyo.

Wakati wa kurudi, injini ya treni ilikufa Gulwe. Jua la Gulwe unalijua. Vumbi lilipoingia kwenye shimo lake, makamasi yakakauka ndani ya mrija, akaanza kuvuta pumzi kwa mlio wa filimbi. Mama mmoja tuliyekaa naye tangu Dar, tuliyegawana naye mihogo, akasema, "Dada, mtoe nje huyo. Ananuka, na sisi tuna watoto." Behewa zima likavuta miguu kutupisha, maana alikuwa amesema walichokuwa wanakifikiria wote.

Nikamshusha. Nikamkalisha kwenye kivuli cha behewa, nikautoa mrija. Maji ya kuchemsha yalikuwa yameisha na brashi imeangukia chini ya viti. Nikaunyonya ule mrija kwa mdomo wangu, nikatema, nikaunyonya tena mpaka ukapitisha mwanga. Nilipomrudishia, baba yako aliniangalia kwa kinyaa. Yeye, mwenye shimo shingoni, alinionea kinyaa mimi. Mzee mmoja dirishani akasema kwa nguvu, "Huyu ndiye mke mwema!" Nilitamani kupanda nimzabe kofi. Waliosifia walikuwa wengi siku ile, na aliyeshuka kunishikia kikombe hakuwepo. Ukisifiwa hivyo popote uendako, Dorika, usifurahi haraka. Tazama kwanza kama anayekusifu ameleta mikono yake.

Basi tukafika nyumbani, hapa Kizota, na yeye akaanza kungoja mvua. Wewe ulidhani anapenda kukaa uani kwa ajili ya hewa. Alikuwa anatazama mawingu. Mafundi wa bati huko jirani wakigonga, anakunja uso. Wakinyamaza, anatazama juu, anatega sikio asikie ngurumo. Mimi nikipita na ndoo nainamisha macho. Siku matone ya kwanza yalipopiga vumbi, alisimama, akatoka katikati ya uwanja, akafungua mdomo wote, akajikaza mpaka mishipa ikatoka kichwani. Wewe ulipiga makofi. Ulisema, "Baba anafurahia mvua!" Alikuwa anaita mnada. Hewa ilitoka shingoni, puu, na makohozi kidogo, basi. Akageuka akanitazama pale mlangoni. Tangu siku ile hajala chakula kutoka mkononi mwangu isipokuwa kwa vita.

Ndiyo maana alikuchagua wewe. Uji ule ule wa uwele, sufuria ile ile, nikipeleka mimi anafumba mdomo, ukipeleka wewe anafungua. Ulidhani naona wivu. Niliona, tena sana. Siku ile jikoni nilikuambia neno ambalo mama hamwambii binti yake, sitaliandika hapa, na najua umelibeba. Sikuombi msamaha leo, maana utanisamehe haraka kwa kuwa unaondoka, na msamaha wa namna hiyo siutaki.

Lakini wivu ulipopungua nikaona kingine. Barua ya chuo ilikuja mwaka jana, ukasema chuo kitangoja. Nikaona unaamka ukisikia fimbo yake inagonga ukingo wa kitanda kabla mimi sijaisikia. Unakula umesimama. Wenzako wakipita kukuita kwaya unawaambia kesho. Mgongo wako ukaanza kupinda palepale unapopinda wangu. Naye alikuona, Dorika. Ana macho mazima. Alikuona unakwisha na akagonga tena.

Watu wanasema ugonjwa unamfanya mtu awe mpole. Labda wa kwao. Huyu wetu alikuwa mkali tangu zamani, ila zamani alikuwa na mnada wa kuumalizia ukali wake. Sasa ana sisi wawili tu. Na mimi nami sikuwa mpole, ila zamani nilikuwa na cherehani.

Sijui utaolewa na nani, na sijui nani kati yenu atalala kitandani kwanza. Nitakuambia hili moja tu. Daktari akikuita pembeni, mwambie akaseme kitandani, mwenye mwili asikie mwenyewe. Nakuambia hivyo, na papo hapo nakuambia kuwa mimi nikirudishwa pale, na yule kijana mwenye wino mfukoni, nitadanganya tena. Nimejaribu kujuta, nimeshindwa. Kila nikimsikia anapumua chumbani, hata kwa ule mlio wake, najua pumzi ile niliiiba, na siwezi kuirudisha.

Sasa sikia ya leo.

Ulipiga magoti mbele ya kiti chake kama inavyotakiwa, umeinamisha kichwa, macho chini. Stefano alikuwa kulia na akina mama wa kanisani nyuma. Nilimpa baba yako kikombe cha maji. Mtoto anayesafiri hutemewa maji na baba yake, kifuani na kichwani, ndipo anaambiwa aende. Hata sisi wa kanisani hatujaliacha hilo. Akapiga funda. Tukangoja. Maji hayakutoka.

Stefano akasema kwa huruma, "Ni hilo shimo, shemeji. Pumzi haifiki mdomoni." Akina mama wakasikitika kwa sauti, na wewe chini pale mabega yakaanza kutetemeka.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa nikimtazama usoni, kwa kuwa ndiye ninayesoma midomo yake. Nililiona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza. Kisu kilichukua sauti, hakikuchukua mashavu. Jana tu asubuhi alinitemea uji kutoka kitandani mpaka kwenye kanga yangu, na hakuna tone lililoanguka njiani. Maji yale angeweza kukurushia mpaka ukalowa. Aliyameza kwa sababu hakutaka kukubariki.

Halafu midomo ikatembea. Polepole, apate kueleweka. Alisema, "Usiniache na huyu." Akarudia, "Dorika, usiniache na huyu mwanamke."

Stefano akaniuliza, "Anasemaje, shemeji?"

Nikasema, "Anasema, nenda salama mwanangu. Soma, urudi mwalimu. Maji yamenishinda, lakini moyo wangu umekubariki."

Nilisema kwa sauti, bila kukwama. Hata kile kipande cha moyo nilikiongeza mwenyewe, kikawapendeza. Wote wakaitikia amina. Baba yako si kiziwi, alisikia kila neno nililomwekea mdomoni. Akakipiga kikombe ukutani, kikavunjika mpini, na akina mama wakazidi kulia, wakisema mtu mzima ameshindwa na uchungu wa kuagana. Wewe ukainuka ukamkumbatia. Akakushika mkono mpaka Stefano akalazimika kumbandua vidole kimoja kimoja. Ukaniambia baadaye, unafuta macho, "Mama, hajawahi kunishika hivyo." Alikuwa anakuzuia, mwanangu.

Stefano ndiye aliyechukua maji mengine akakutemea kwa niaba. Kwa hiyo baraka unayo, ni ya baba mdogo, yule wa redio kaseti. Itakufaa hiyo hiyo. Ya baba yako huna.

Utauliza kwa nini nakuambia, wakati ningeweza kunyamaza ukaenda na furaha yako. Kwa sababu siku moja utarudi likizo, utakaa naye, utajifunza midomo yake vizuri, na atakuambia. Atakuambia kwanza habari za leo, halafu za mvua. Nataka uwe umeshasikia kwangu. Na pia, ukinichukia, nataka unichukie kwa niliyoyatenda, yapo ya kutosha.

Wageni walipoondoka nilimwingiza chumbani, nikamsafisha shimo, nikamwambia, "Ndiyo, nimesema uongo. Sasa tumebaki wawili." Akanitazama kidogo, akageukia ukuta. Sikumbembeleza. Nilikaa kwenye mkeka mpaka akalala, ndipo nikaja kuandika.

Usirudi kabla hujamaliza. Ukija katikati ya muhula kwa ajili yake, nitakuelekeza stesheni bila hata kukukaribisha maji ya kunywa, na majirani waseme watakavyo. Na nikuambie hili sasa hivi, usije ukashangaa. Akifa ukiwa kwenye mitihani sitakuita. Nitamzika mimi na Stefano, utaambiwa ukifunga chuo, na utalia kwenye udongo uliokwisha kukauka. Utasema mama yangu ni mnyama. Sema. Lakini utakuwa umemaliza.

Hakukosea kuniogopa. Mikono yangu ni migumu, namgeuza kitandani bila kumpa pole, na nikichoka nasema maneno ambayo hawezi kuyajibu. Lakini alikuomba usimwache na mimi, na mimi ndiye niliyefunga sanduku lako. Kesho treni ikishaondoka nitarudi nyumbani, nitakoroga uji, nitaketi kwenye ukingo wa kitanda chake. Atafumba mdomo. Nitangoja. Atatema, nitafuta, nitachota tena. Hana mwingine wa kumfungulia mdomo sasa, na njaa itamshinda kabla ya mimi kuchoka. Atakula kwa mkono wangu, ananichukia, na ataishi.

Mama yako.